Magamba ya silikanti kwenye kibega cha harusi: namna ya kuyachapa kwa printa ya 3D na kuyashona

Kibega ninachokieleza hapa kina magamba 328 ya kuiga silikanti, samaki wa kale wa bahari ya kina, uzito wake pamoja na kitambaa haufiki robo kilo, na bibi harusi hukitupia juu ya gauni kama wengine wanavyotupia mtandio. Magamba ni plastiki iliyochapwa na printa ndogo ya mezani, yenye sahani ya kuchapia ya sentimita 22 kwa 22. Kazi nyingine yote ni ya sindano. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi wanaoingia kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, kuitazama hiyo printa hudhani inashona. Haishoni. Inatoa vipande, na vipande visivyo na fundi ni vifungo vilivyokosa shati.

Mitindo ya aina hii haikuanza jana. Iris van Herpen, mbunifu wa Uholanzi, alipandisha jukwaani vazi lake la kwanza la 3D huko Amsterdam mwaka 2010, na tangu hapo amekuwa akichota kwa maji, mifupa, makombe na mabawa ya wadudu. Mwaka 2015 Danit Peleg wa Israeli alichapa nguo zake zote za kuhitimu masomo kwa printa za nyumbani. Zilimla zaidi ya saa 2,000. Wengi wetu tuliliona taji la malkia katika filamu ya Black Panther, 2018: umbo lake ni la kofia ya wake wa Kizulu, isicholo, na Julia Koerner ndiye aliyelichora kwa kompyuta likachapwa, akifanya kazi na mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter.

Lakini vazi lililonifunza kazi ni jingine. Mwaka 2014 studio ya Nervous System ya Marekani ilitoa gauni la pembetatu 2,279 zilizoungwa kwa bawaba 3,316. Pembetatu moja moja ni ngumu, haipindi. Gauni zima linaanguka mwilini kama hariri. Ulaini wote uko kwenye maungio. Samaki analijua hilo tangu enzi na enzi: gamba lake gumu, mwili wake unapinda. Basi mwongozo huu wote ni wa maungio, printa ni sehemu yake ndogo.

Kwa nini silikanti

Tungeweza kuchukua ua la Usambara, lile dogo la zambarau ambalo Wazungu walilipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya mtawala Mjerumani wa hapa Tanga, au kinyonga wa pembe tatu wa milima hiyohiyo. Ni wazuri wote. Silikanti ana mambo mawili ya ziada. Kwanza ni wetu. Wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na dinosauri, mpaka mwaka 1938 akapatikana mmoja Afrika Kusini. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wakaanza kumnasa kwenye majarife ya papa wanayoyashusha kina kirefu. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Pili, ameshajivalisha mwenyewe: magamba makubwa mazito yanayopandana, rangi ya buluu iliyokolea, na mabaka meupe yasiyofanana kwa samaki wawili. Watafiti huyatumia mabaka hayo kumtambua huyu na yule.

Usiende kumtafuta. Analindwa, na kumfanyia biashara ni kosa. Picha zake zipo tele, na umbo la gamba tutalisoma kwa samaki mwingine aliye halali yetu.

Hatua ya 1: Soma gamba

Nenda Deep Sea, mahali samaki wanaposhushwa hapa Tanga, asubuhi, wakati samaki wanaparuliwa. Mwombe mparuaji magamba ya pono. Pono, yule wa kusingiziwa usingizi, ana magamba mapana unayoweza kuyashika kwa vidole viwili bila kuyapoteza. Utachekwa kidogo. Mimi niliulizwa kama nimeanza uganga.

Osha magamba kwa sabuni, yakaushe katikati ya karatasi chini ya kitabu kizito. Usiyaanike juani, yatajikunja. Kisha weka moja juu ya karatasi ya grafu, piga picha kwa simu kutoka juu kabisa, simu isiinamie upande.

Sasa litazame. Gamba lina sehemu mbili. Kuna shina, linalozama kwenye ngozi na kufunikwa na gamba la mbele yake, na kuna uso unaoonekana, ulio wa mviringo. Kwa pono, kama kwa silikanti, sehemu kubwa ya gamba imejificha. Kinachoonekana ni kipande cha nyuma tu. Silikanti huongeza jambo: uso wake unaoonekana una vijinundu, mkono ukipita kinyume unakwaruza. Vijinundu hivyo ndivyo vitakavyoshika taa za ukumbini, usiviache.

Hatua ya 2: Pateni kwanza, kompyuta baadaye

Mafundi wengi wanaoanza na printa hukimbilia kompyuta. Anza na merikani na futi. Kata kibega cha majaribio, kama kola pana ya duara inayokaa chini ya shingo na kufunika mabega. Changu kina ukingo wa juu wa sentimita 46, ukingo wa chini wa sentimita 100, na kina cha sentimita 14. Mvalishe bibi harusi mwenyewe au mtu wa mwili wake, mwambie ainue mikono, akae, asujudu. Kikimbana merikani, kitambana zaidi kikiwa na magamba.

Hesabu ya magamba hutoka kwenye pateni hiyo. Gamba langu lina upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 2.5, na sentimita 1.5 tu ndiyo inayoonekana. Gawa kina cha 14 kwa 1.5, unapata safu 9. Safu ya chini, sentimita 100 kwa 2, ni magamba 50. Ya juu, 46 kwa 2, ni 23. Katikati zinapungua polepole: 50, 47, 43, 40, 36, 33, 30, 26, 23. Jumla 328.

Uzito nao upige kabla hujachapa chochote. Gamba la unene wa milimita 0.8 linakula karibu theluthi moja ya sentimita moja ya ujazo, na plastiki ya PLA ina gramu 1.24 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo kila gamba ni karibu gramu 0.4. Mara 328 ni gramu 130 hivi. Mabega hayatalalamika. Ukinenepesha gamba liwe milimita 2 kwa tamaa ya kuliona "zito la kifalme", unamtwisha bibi harusi mzigo wa mara mbili na nusu usiku kucha.

Hatua ya 3: Chora

Ingiza picha ya gamba kwenye Inkscape, programu ya bure, fuata ukingo wake, kisha lipeleke umbo hilo Tinkercad au Blender, nazo za bure, ulipe unene. Zungusha ncha zote. Usiache kona kali hata moja, hasa chini, maana kona ndiyo itakayokamata shifoni ya shangazi akija kumkumbatia mtoto wake.

Nusu ya chini ya gamba iongeze vijinundu vya milimita 0.2 hadi 0.4. Shina liache tambarare, litafunikwa.

Panga magamba 9 kwa safu, nafasi ya milimita 1 kati ya gamba na gamba, na kati ya safu na safu acha sentimita 1.2. Nafasi hiyo ya 1.2 ndiyo posho ya kushonea, uipunguze na utajuta. Safu 5 zinaingia kwenye sahani moja, yaani magamba 45. Sahani 8 zinakupa 360, zinabaki 32 za akiba. Sahani moja kati ya hizo nane chapa kwa rangi nyeupe au fedha, saba zilizobaki kwa buluu iliyokolea.

Usiyapake rangi baadaye. Rangi ya kupaka kwenye PLA huchubuka pale magamba yanaposuguana, na magamba kazi yake ni kusuguana.

Hatua ya 4: Ilinde filamenti na hewa yetu

Miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wa nchi kavu na baridi. Sisi tunakaa na bahari. Filamenti, yaani uzi wa plastiki unaoilisha printa, hunyonya unyevu wa hewani, na ikishaunyonya, ile printa inapoiyeyusha maji hugeuka mvuke ndani ya nozeli, ule mdomo wa moto unaotoa plastiki. Utaisikia ikipasuka-pasuka kama mahindi ya kukaanga, na gamba litatoka na nyuzi kama utando wa buibui. PLA huvumilia kiasi. TPU, ile ya mpira, haivumilii hata wiki moja ya masika.

Hifadhi filamenti kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Omba wauza viatu wakuwekee, wanavitupa. Filamenti ikishalowa, ikaushe kwa joto la nyuzi 45 kwa saa kadhaa kama ni PLA, nyuzi 50 kama ni TPU. Usiitie kwenye oveni ya keki isiyo na kipimo cha kuaminika, kwa sababu ikipita 60 PLA inalegea, na filamenti nzima inagandana kuwa kitu kimoja.

Kwa kibega hiki tumia PLA. Ni ngumu, inang'aa, na ni rahisi kuliko zote kuchapa: nozeli nyuzi 205 hadi 210, sahani 60, tabaka milimita 0.2. TPU ni nzuri kwa mshipi au kwa kitu cha kuvuta, lakini gamba la TPU linalegea na kuonekana kama kandambili iliyokatwa. Kilo 1 ya filamenti ya milimita 1.75 ina urefu wa zaidi ya mita 330, na kibega kinakula sehemu ndogo tu, hata ukiweka na makosa.

Hatua ya 5: Chapa juu ya neti

Hapa ndipo penye kazi. Wazo ni hili: chapa matabaka mawili ya kwanza ya gamba, simamisha printa, tandaza neti juu yake, kisha iendelee. Plastiki ya moto ya tabaka la tatu hupenya matundu ya neti na kushikana na tabaka la pili chini yake. Neti inabaki imefungwa katikati kama nyama ndani ya sambusa. Hakuna gundi, na ukiivuta itachanika neti kabla gamba halijatoka.

Nunua neti laini ya shela, ya poliesta, yenye matundu ya pembe sita. Neti ya chandarua ni ngumu na matundu yake hayalali, na neti yenye pambo la kumeta usiiguse, pambo huziba nozeli. Kata kipande kikubwa kuliko sahani, sentimita 3 zaidi kila upande.

Kabla ya kuanza, sawazisha sahani kwa makini kuliko kawaida. Paka gundi ya fimbo, ile ya wanafunzi, tabaka jembamba. Kwenye programu ya kukata matabaka, Cura au PrusaSlicer, ingiza amri ya kusimama baada ya tabaka la pili, na uiagize nozeli isogee pembeni ikisimama, isibaki juu ya kazi.

Printa ikisimama, usizime joto la sahani. Likipoa, magamba yatabanduka na kila ulichofanya ni bure. Tandaza neti, ivute iwe imekaza lakini mistari yake isipinde, ibane kwa klipu nyeusi za makaratasi pembezoni, mbali na njia ya nozeli. Sogeza kichwa cha printa polepole kwa menyu yake, si kwa kukisukuma na mkono, uone kama kinagonga klipu. Mimi niliiruka hatua hii mara moja. Nozeli ikabeba klipu, klipu ikabeba neti, na neti ikabeba magamba 45 yote mpaka kona ya sahani. Nilikaa nikayatazama kama mtu aliyemwaga pilau.

Tabaka la kwanza juu ya neti lipe msaada: ongeza joto la nozeli nyuzi 5, zima feni ya kupoza kwa tabaka hilo moja, na punguza mwendo uwe nusu. Neti ikiwa nzito kidogo, inua nozeli milimita 0.1. Baada ya hapo rudisha kila kitu mahali pake, iache imalizie tabaka la nne na vijinundu. Keti karibu nayo kwa dakika tano za kwanza. Neti ikipanda hata kidogo, ikandamize kwa kijiti cha mbao, usitie kidole, nozeli ina joto la zaidi ya nyuzi 200.

Kwa printa ya kawaida gamba moja linachukua dakika mbili na nusu hivi, sahani nzima karibu saa mbili, kibega chote saa 16. Chapa sahani mbili kwa siku, siku nne. Umeme unaoliwa ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri, kama uniti mbili kwa kazi yote. Tatizo ni kukatika. Printa nyingi zinakumbuka zilipoishia, lakini sahani ikishapoa kumbukumbu haina faida, magamba yameshaachia. Nunua UPS ndogo ya kompyuta; inashika dakika chache tu, na kwa zile katika-rudi za jioni dakika chache ndizo unazohitaji. Kazi ndefu ianze alfajiri.

Ikiisha, subiri sahani ipoe kabisa kabla ya kuvuta. Utasikia magamba yakijibandua yenyewe, tik, tik, tik. Ni sauti tamu.

Na usiye na printa? Si lazima ununue. Chora wewe, tafuta mwenye printa, hata kama yuko Dar, mtumie faili kwa WhatsApp kama waraka na si kama picha, na neti yako umpelekee kwa basi, ukiandika kwa kalamu upande upi ni wa juu. Magamba yatarudi kwa basi hilohilo. Mkubaliane kwanza kwamba atachapa sahani moja ya majaribio, uione, ndipo aendelee.

Hatua ya 6: Kata

Una karatasi ya neti yenye safu tano. Kwa mkasi mdogo mkali kata kila safu ukifuata mviringo wa chini wa magamba, karibu kabisa na plastiki. Neti haifumuki, kwa hiyo haina haja ya pindo. Juu ya safu acha ile posho ya kushonea. Kisha ingiza mkasi kati ya gamba na gamba, kata kupanda mpaka shinani, ukomee hapo. Sasa kila gamba linacheza peke yake, ilhali safu nzima imeshikwa na utepe mmoja wa neti. Hiyo ndiyo bawaba yako, na haikukugharimu chochote.

Pitisha msasa laini, namba 400, kwenye kila ukingo. Magamba 360. Ndiyo, yote. Weka redio, au mwite mtoto wa jirani asiye na kazi umlipe.

Hatua ya 7: Ezeka

Aliyewahi kuezeka makuti hana la kufundishwa hapa. Unaanza chini, kwenye upenu, unapanda. Kuti la juu linafunika mshono wa kuti la chini. Ukianza juu, kila mshono utaonekana na paa litavuja.

Kata kibega halisi kwa satini nzito ya buluu. Chora kwa chaki mistari tisa, sentimita 1.5 kutoka mstari hadi mstari. Safu ya chini kabisa, tepe zake za magamba tisa tisa zikifuatana, ishonwe ili ncha za magamba zining'inie sentimita 1 nje ya ukingo wa kitambaa. Tumia cherehani ukipenda, ukiwa umefunga mguu wa zipu, na ushone katikati ya posho ya neti, mbali na plastiki. Sindano ikigonga gamba inavunjika, na kipande chake kinaruka usoni. Mimi safu mbili za mwisho za juu nashona kwa mkono, pale mviringo unapokuwa mkali.

Mviringo una shida yake. Utepe wa neti umenyooka na kibega ni duara, kwa hiyo ukingo wa juu wa utepe utakunjamana. Kata vipembetatu vidogo kwenye posho, kimoja kati ya kila magamba mawili, uukandamize utepe ulale. Kushona kola kumeshakufundisha hilo.

Safu ya pili isogeze nusu gamba, ili ncha ya gamba la juu ishukie pengo la magamba mawili ya chini. Ndivyo lilivyo paa, na ndivyo alivyo samaki. Ukizipanga safu sawasawa, gamba juu ya gamba, utaona mistari wima na vazi litafanana na shata la duka.

Mabaka meupe ndiyo yanayotenganisha kazi ya fundi na kazi ya mashine. Magamba meupe yakate moja moja na mawili mawili, ondoa ya buluu mahali unapotaka, ingiza. Yasambaze bila mpango unaoonekana: matatu yaliyosongamana bega la kulia, moja la upweke mgongoni, mawili chini ya shingo. Weka picha ya silikanti mbele yako, maana mkono wa binadamu ukiachiwa hupenda usawa, utajikuta umerudia kulia ulichofanya kushoto. Nilitumia meupe 40 kati ya 45. Kibega cha pili sikukipanga kama cha kwanza, na mteja wa pili alifurahi kulisikia hilo kuliko bei.

Mshono wa safu ya juu kabisa ufunike kwa utepe wa satini uliokatwa mshazari.

Hatua ya 8: Bitana na kujaribu

Tia bitana laini ndani, plastiki isiguse ngozi popote. Fungio liwe kulabu mbili nyuma. Zipu usiweke, itakula neti.

Kisha mjaribishe bibi harusi mwenyewe mbele ya watu wake, si peke yake. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo alikuja na shangazi yake, mama mtu mzima wa Chumbageni. Nikamwamkia, akaitikia, macho yako kwenye magamba.

"Mwanangu, hiki si kitamkwaruza mtoto?"

"Hapana, shangazi. Pitisha mkono mwenyewe."

Akapitisha kwenda chini, pakawa laini. Akapitisha kwenda juu.

"Ahaa. Yaani ni samaki kweli. Basi mwambie kila atakayemkumbatia amkumbatie kutoka juu."

Alikuwa amepata jaribio ambalo mimi sikulifikiria. Tangu siku hiyo nachukua mtandio wa shifoni, naufunga kwa mtu mwingine, nawakumbatisha mara tano. Kila gamba linaloshika uzi nalipiga msasa tena palepale. Pia mkalishe kwenye kiti chenye mgongo mrefu, kama vile vya ukumbini. Magamba ya nyuma yakiinuka yanapoegemea, safu ya chini punguza urefu wa kuning'inia.

Udi, jua na maji

Kwa Tanga hili ni kubwa kuliko printa. PLA huanza kulegea ikifika nyuzi 60. Nguo ya harusi kwetu haivaliwi bila kufukizwa. Ukikitandaza kibega juu ya kitundu cha kufukizia, chetezo na makaa yake chini, baada ya dakika chache utakuta magamba yamejikunja kama majani ya mpapai yaliyokauka, na hayarudi. Fukiza gauni, fukiza mtandio, fukiza bitana kabla hujaishona kama unataka harufu ikae ndani. Kibega chenyewe kitundike mbali, moshi ukifike ukiwa umepoa. Mwambie somo wa bibi harusi mwenyewe kwa mdomo, usimtume mtu, kwa sababu ndiye atakayeshika chetezo.

Gari nalo ni oveni. Kibega changu cha pili nilikiacha kwenye kiti cha nyuma, vioo vimefungwa, gari limeegeshwa juani Raskazone, nikaenda kula. Saa moja tu. Safu mbili za upande wa dirisha ziliinuka kama kuku anayetaka kupigana. Zile 32 za akiba ndipo zilipojulikana kazi yake.

Kufua ni kwa maji baridi na sabuni kidogo, kwa mkono, kisha kianikwe kivulini kikiwa kimelala. Pasi isikaribie hata kidogo.

Vipande vilivyoharibika usivichome wala usivitupe ufukweni. PLA hutokana na mahindi, na wauzaji hupenda kusema inaoza. Huoza kwenye mitambo yenye joto kali, baharini itakaa miaka kama plastiki nyingine. Mimi navikusanya kwenye kiroba, vile vizima natobolea tundu nawapa watoto wanatunga shanga.

Bei

Usitoze kwa gramu za plastiki, utafunga duka. Andika saa: za kuchora (mara moja tu, faili inabaki yako), za kuchapa, ambazo unaweza kushona kingine huku ukitupia jicho, za msasa na kukata, na za kuezeka. Kwangu kuezeka peke yake ni siku tatu. Saa za kuchapa natoza robo ya saa za mkono. Mteja akisema "si mashine ndiyo inafanya?", mpe sahani moja ya magamba na sindano, mwombe ashone safu moja akiwa anasubiri. Wengi hawafiki gamba la nne.

Kodisha kuliko kuuza, kama wateja wako ni wa harusi. Kibega huvaliwa usiku mmoja, na wewe ndiye unayejua kukitunza.

Kukabidhi

Kiweke kwenye boksi pana, kimelala juu ya karatasi laini, kisikunjwe. Pembeni weka mfuko mdogo: magamba sita, manne ya buluu na mawili meupe, kila moja na kipande chake cha neti, sindano namba 9, uzi wa buluu uliokwisha tungwa. Andika kwenye kikaratasi jina la yule miongoni mwa wasindikizaji anayejua kushona, ukimuuliza bibi harusi kabla, na mfuko mkabidhi huyo.